Shamba la Maziwa ya Jioni

Wale wa nyuma mnanisikia? Haya. Na nyinyi akina mama mliokalia magunia kwa sababu sisi wanaume tumemaliza viti, poleni, lakini leo nitasema mengi ya upande wenu. Ndugu zangu, nianze na jambo la aibu ili likishatoka nipumue. Kwa miaka mingi, mimi huyu mnayeniona, mwenye akili zangu zote, niliamini kwamba shamba likiandikwa jina la mwanamke linarudi kwa Malkia wa Uingereza.

Msicheke bado. Kicheko kiko mbele, mtakimaliza mapema.

Neno hilo nililipata kwa mpishi wa mzungu wetu, wakati uhuru umeshakuja na mzungu anafunga masanduku aende kwao. Yule mpishi alikuwa amekaa jikoni kwa mzungu miaka na miaka, kwa hiyo sisi wa trekta na wa ng'ombe tulimwona kama waziri. Alituita nyuma ya ghala, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akasema: "Vijana, wazungu hawaondoki hivi hivi. Wameacha mtego. Huko London kuna kitabu kimoja kikubwa cha mashamba, na mwanamke wa kwanza kuandikwa ndani ni Malkia. Mwanamke mwingine yeyote akiandikwa, anahesabiwa kama binti yake. Na mali ya binti ni ya mama. Shamba linarudi."

Mmoja wetu akauliza, "Hata ekari moja?"

"Hata nusu," mpishi akasema. "Na ng'ombe wakiwa ndani, wanakwenda nalo."

Ndugu zangu, usiku huo sikulala. Niliwaona ng'ombe wangu wakipanda meli, mmoja baada ya mwingine, wakigeuza shingo kunitazama. Na msifikiri nilikuwa na ng'ombe wengi. Walikuwa watatu. Lakini jinsi nilivyowaogopea ungesema ni mia tatu.

Wakati huo nilikuwa dereva wa trekta kule upande wa Kapseret. Nilikuwa kijana mwenye kofia. Kofia yangu ilikuwa pana hivi kwamba watu wanne walijikinga mvua chini yake, na bado mbwa akapata nafasi. Mshahara wangu ulikwenda kwenye kofia, kwenye baiskeli, na kwenye gramafoni iliyokuwa na sahani moja tu ya kucheza, tukaicheza mpaka majirani wakaomba amani.

Na mama watoto? Mama watoto alikuwa na maziwa ya jioni.

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya nyinyi mliotoka mbali mkaja kununua pamoja nasi. Kwetu, tangu mababu, ng'ombe hukamuliwa asubuhi na jioni, na maziwa hayo si ya mtu mmoja. Ya asubuhi ni ya baba. Hayo ndiyo yaliyokwenda kiwandani, na malipo yake mwanamke haulizi. Ya jioni ni ya mama. Atawapa watoto, atayagandisha vibuyuni yawe mursik, atampa jirani, atauza, ni shauri lake, na mwanamume haulizi. Mwanamume anayechungulia kibuyu cha maziwa ya jioni, nawaambia, afadhali avae sketi akutwe barabarani.

Basi mimi nikashika ya asubuhi, yakaingia kwenye gramafoni. Yeye akashika ya jioni. Watoto walikunywa, na kilichobaki alikitia kwenye vibuyu vilivyosuguliwa kwa mkaa, na mursik yake ikawa na sifa. Mara mbili kwa juma alivibeba mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, akaenda kwa miguu mpaka mjini, Sisibo kama wazee walivyouita mji wetu wa Eldoret. Alikuwa na mteja mmoja, Msomali mwenye hoteli karibu na stendi, aliyechukua vibuyu vyote bila kuonja kwa sababu alishamwamini. Kutoka kwetu hadi pale ni maili mia. Sawa, ni saba. Lakini zitembee wewe na vibuyu mgongoni ndio uniambie.

Kisha kampani yetu ikaundwa, hii hii, ya kununua shamba la mzungu tuligawane. Tukaambiwa kila nyumba ilete mchango wake. Siku ya kuandikisha tulikusanyika kwenye ghala hili hili, na katibu akakaa pale penye nguzo na kitabu chake. Wengine walitoa nusu, wakaomba subira. Mama watoto akafungua kitambaa chake, akaweka mchango wote mezani mara moja. Watu wakasogea kuona. Hata mimi nikasogea, maana sikujua. Hayo yalikuwa maziwa ya jioni ya miaka yote tangu tuoane.

Katibu akamwangalia kwa heshima, akachovya kalamu. "Haya, mama. Tuandike jina lako?"

Ndugu zangu, niliwaona ng'ombe wakipanda meli.

"Ngoja!" nikapiga kelele. "Usiguse karatasi!" Niliruka benchi mbili nikamshika katibu mkono, wino ukamwagika kwenye suruali yake. "Andika langu!"

"Lakini mchango ameuleta yeye," katibu akasema.

"Ameuleta, ndiyo. Mimi ndiye mwenye nyumba. Andika."

Wanaume wakapiga makofi. Katibu akaandika. Nikarudi mahali pangu nimevimba kifua, kwa sababu moyoni nilijua nimeokoa ekari kumi na tano kutoka mikononi mwa Waingereza. Njiani kwenda nyumbani mama watoto aliniuliza, "Baba watoto, umerukia kalamu kama mtu anayezima moto. Kuna nini?"

Nikamwambia, "Siku moja utanishukuru."

Siku hiyo haijafika mpaka leo.

Tukapiga kura, tukapata kipande kizuri, chenye kijito chini. Mama watoto akalima mahindi, maharagwe, na mboga zetu za kienyeji. Yeye ndiye aliyechimba mtaro wa kuzuia maji yasibebe udongo. Yeye ndiye aliyepanda miti ya mpaka. Kazi yangu mimi ilikuwa kusimama barabarani na kuwaonyesha wapita njia: "Kutoka pale mpaka kule, yote yangu." Nilifanya kazi hiyo kwa bidii sana.

Na mtu anayesema "yangu" mara elfu kwa siku, ndugu zangu, mwishowe anajiamini mwenyewe. Hapo ndipo nilipoangukia.

Kulikuwa na tajiri mmoja wa mjini, aliyekuwa amehamia nyumba ya mzungu kule Elgon View. Jina lake sitalitaja. Hakunidanganya zaidi ya nilivyotaka kudanganywa. Alikuwa na lori la kijani. Nilipoliona lori lile nilisahau jina la mama yangu. Lilikuwa na taa kama macho ya bundi, na likiwashwa madirisha ya mji mzima yalitetemeka. Tajiri akaniambia, "Mtu kama wewe, dereva kamili, unakaa shambani ukihesabu mahindi? Nipe kile kipande, chukua lori. Kwa mwaka mmoja utanunua vipande vitatu."

"Na nyumba yangu?" nikauliza.

"Ah, nyumba utabaki nayo, na uwanja wake. Mimi nataka ardhi ya kulima tu."

Akatoa karatasi iliyojaa maandishi mpaka pembeni. Wakati huo kusoma sikujua, lakini nilikuwa nimejifunza namna ya kuitazama karatasi. Unakunja uso, unatikisa kichwa taratibu, kisha unasema, "Hapa pako sawa." Nikakunja, nikatikisa, nikasema. Nikachovya kidole gumba kwenye wino, nikakibandika. Lililobaki lilikuwa kamati ya kampani kukubali, kwa sababu hakuna mwanachama aliyeruhusiwa kutoa kipande bila wazee kuketi. Wazee wangeketi baada ya majuma mawili. Tajiri akanipa lori nilizoee kwanza.

Sikumwambia mama watoto. Nilitaka kumshangaza.

Siku ya pili niliendesha mpaka mjini, nikaliegesha mbele ya hoteli ya yule Msomali, kwa sababu palikuwa na watu wengi wa kuliona. Nikaingia na kofia yangu, nikaagiza chai kwa sauti ya kusikika mpaka mji wa Turbo. Nikaanza kuhubiri. "Mnaona chuma kile? Changu. Nimetoa kipande cha shamba, ekari kumi na tano, nimechukua lori. Ardhi haitembei, ndugu zangu. Lori linatembea!"

Watu wakacheka, wakanipongeza. Kisha mlango wa nyuma, ule wa jikoni, ukafunguliwa.

"Mama Maziwa, karibu," mwenye hoteli akasema.

Alikuwa yeye. Vibuyu vinne mgongoni, kamba kwenye paji la uso, miguu ina vumbi mpaka magotini. Alisimama akinitazama, na nikajua amesikia kila neno.

Mwenye hoteli akatuangalia, mmoja kisha mwingine. "Unamjua huyu wa kofia, mama?"

"Ni baba wa watoto wangu," akasema.

Yule mzee akashika ndevu zake. "Wallahi! Miaka yote hii mimi nilidhani wewe ni mjane."

Mtu akacheka, kisha akajifanya anakohoa. Mimi nilikuwa na chai mdomoni, haikushuka wala kutoka.

Mama watoto akateremsha vibuyu pole pole, kimoja kimoja, asivunje hata kimoja. Kisha akaniuliza, "Shamba gani hilo?"

"Lile... letu."

"Lenye mahindi yangu?"

"Mahindi utavuna kwanza, nitamwambia yule mtu angoje."

Alichukua vibuyu vitupu vya safari iliyopita, akatoka kwa mlango wa mbele, akalipita lori bila hata kuligusa kwa jicho. Nikamfuata mbio. "Panda basi nikufikishe! Leo unarudi kwa gari!"

"Nitatembea," akasema. "Njia naijua."

Nilimfuata na lori mwendo wa kinyonga, mimi nikipiga honi, yeye haangalii nyuma, maili zote saba. Watoto wa njiani walidhani ni arusi.

Nyumbani hakunipigia kelele. Laiti angepiga. Alipalilia. Kwa majuma mawili mwanamke yule alipalilia shamba ambalo mwenzake ameshalitoa, mstari kwa mstari, kama mtu asiyesikia habari. Jioni moja kabla ya kamati ndipo akasema, "Kesho nitakuja."

"Huwezi," nikamwambia. "Kamati husikiliza wanachama, na jina lako halimo."

"Lilikuwa kwenye ncha ya kalamu. Nani alilizuia?"

Hapo ikabidi nimweleze. Nilifunga mlango, nikapunguza sauti, nikamweleza habari ya mpishi, na kitabu cha London, na Malkia, na ng'ombe kwenda melini. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Huyo Malkia atakuja kupalilia?"

"Sidhani."

"Basi siku akija tutagombana mimi na yeye. Kwa sasa ninayemwona akichukua shamba langu ni wewe."

Ndugu zangu, nilipigwa na radi mara moja katika maisha yangu, nikiwa kwenye trekta, na haikuniuma kama maneno hayo. Lakini kiburi ni kitu kigumu. Asubuhi nikavaa kofia, nikaenda kamatini na lori.

Wazee walikaa pale mbele. Tajiri yuko kulia kwangu, ananukia sabuni. Mwenyekiti alikuwa mzee mmoja aliyechunga ng'ombe wa mzungu tangu ujana wake, mtu wa maneno machache. Mama watoto akaingia, akasimama katikati.

Mzee mmoja wa pembeni akasema, "Mama, hapa tunazungumza mambo ya kampani. Hatukamui."

"Najua, mzee," akajibu. "Nyinyi mnakunywa tu."

Ghala lilipasuka kwa kicheko. Hata mwenyekiti aliinamisha uso. Kilipotulia, mama watoto akasema, "Sikuja kuomba. Nimekuja na swali moja, mkishalijibu nitaondoka. Maziwa ya jioni ni ya nani?"

Wazee wakatazamana. "Hilo nalo ni swali?" yule wa pembeni akasema. "Hata mtoto anajua. Ni ya mama."

"Mwanamume anaweza kuyatoa bila yeye?"

"Aibu gani hiyo! Hawezi."

"Basi muulizeni baba watoto shamba hili lilinunuliwa kwa maziwa gani. Mimi nimemaliza." Akaketi chini, hapo hapo alipokuwa amesimama.

Katibu akataka kusema jambo kuhusu jina lililo kitabuni. Mwenyekiti akamnyamazisha kwa kiganja. Akanigeukia. "Kijana, ondoa kofia."

Nikaiondoa.

"Kama shamba ni la maziwa ya asubuhi, ni mali yako, tutakukubalia uende na lori lako. Kama ni la maziwa ya jioni, huna cha kutoa hapa. Kampani yetu ni mpya, lakini sisi si wapya. Jibu."

Tajiri akanisogelea sikioni. "Sema ya asubuhi. Neno moja tu. Nani ataapa kinyume?"

Na alisema kweli. Nani angeapa? Jina lilikuwa langu. Lori lilikuwa nje, na kutoka nilipokaa niliona ubavu wake wa kijani. Nawaambia, ndugu zangu, nilifungua mdomo kusema "asubuhi." Neno lilishafika kwenye meno.

Lakini mama watoto alikuwa ameketi chini, na kitambaa chake cha kichwa kimerudi nyuma kidogo, na mwanga wa mlangoni umempiga usoni. Hapo kwenye paji la uso, mimi mume wake, nikaona alama. Mfereji. Ngozi imebonyea upana wa kidole kutoka upande hadi upande, pale kamba ya vibuyu hupita. Haikuja kwa siku moja ile. Ilikuwa hapo miaka yote, na mimi nilikuwa nikitazama lori, nikitazama kofia yangu kwenye kioo.

Nikasema, "Ya jioni."

"Paza sauti," mwenyekiti akasema. "Kwa kawaida unayo."

"Ya jioni! Yote! Mimi sikutia hata tone!"

Sikutia chumvi siku hiyo. Ndiyo siku pekee.

Tajiri akasimama, akaipiga karatasi yake mezani, akasema kuna kidole changu. Mwenyekiti akamwambia katibu aisome kwa sauti. Katibu akasoma. Ndugu zangu! Ekari zote kumi na tano, kijito, zizi, mahindi yaliyosimama, na nyumba. Nyumba yenyewe! Uwanja haukutajwa popote. Ningeamka siku moja na watoto sita na kuku wetu, tunaishi ndani ya lori. Wazee wakaikataa ile karatasi kwa kauli moja, hata yule wa pembeni. Katibu akaandika kwenye kitabu kwamba kipande kile hakitatolewa bila mama mwenyewe kuketi na kukubali, na kwamba siku hati zikija, jina lirekebishwe.

Msifikiri nilitoka pale nikiwa mtu mpya. Nilikuwa nimeliangusha lori mtaroni mara mbili ndani ya majuma mawili, na taa zake mbili zimebaki moja. Tajiri akataka fidia, na haki ilikuwa yake. Nikamwendeshea lori hilo hilo msimu mzima wa mahindi bila malipo, nikibeba magunia ya watu wengine. Nilipita barabara ya kwetu nikiona mahindi yetu yamekomaa kupita ya majirani wote. Vijana wa stendi walinipigia miluzi: "Tajiri! Lori lako linasemaje leo?" Usingizi wangu ulikuwa juu ya magunia. Kofia niliiuza.

Msimu ulipokwisha nilirudi nyumbani kwa miguu. Nilisimama mlangoni kama mgeni. Mama watoto akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Chakula kipo. Na Jumatatu unaanza ngumbaru. Kidole chako hakitagusa wino tena kabla macho yako hayajasoma."

Hivyo ndivyo nilivyoingia shule ya watu wazima. Mchana nilishika jembe, mstari wangu kando ya mstari wake, na wa kwangu ulipinda kama mkia wa nguruwe mpaka akanifundisha. Jioni nilikaa kwenye madawati ya watoto wa darasa la kwanza, magoti yakiwa usawa wa masikio. Mwalimu alikuwa na umri wa binti yangu, na aliniita "mwanafunzi wa nyuma anayeongea." Neno la kwanza nililosoma mwenyewe, bila mtu kunisaidia, lilikuwa kwenye debe la dawa ya kuogeshea ng'ombe. Liliandikwa SUMU. Nilikuwa nimekalia neno hilo nikila chakula cha mchana kwa miaka sita! Leo cheti changu kinaning'inia ukutani, na wageni wakija nawaambia wasogee nyuma, mwanga wake unaumiza macho.

Sasa, ndugu zangu, nawaona wengine mnatazama kesho. Kesho mnakwenda mjini kwa zamu kuandikisha vipande vyenu, na nimeombwa niseme haya kabla hamjaenda. Kwanza nishukuru. Namshukuru yule mwenye hoteli, aliyesema mbele ya watu kile nilichostahili kusikia. Namshukuru mwenyekiti wetu wa siku zile, ambaye hakuniuliza jina langu limeandikwa wapi bali aliniuliza ukweli. Namshukuru mwalimu, na uvumilivu wake usio na mwisho. Na mama watoto namshukuru kwa kutonipigia kelele, na kwa kutonyamaza. Yuko pale, kwenye gunia la tatu. Hapana, msimpigie makofi, atanikasirikia.

Nyinyi wanaume, leo mkifika nyumbani, msiulize kitabu kinasema nini. Ulizeni nani alibeba. Kama ni maziwa yake, kama ni jembe lake, kama ni kuku wake aliowauza mmoja mmoja, mnajua. Hakuna hata mmoja wenu asiyejua. Mimi nilijua siku nilipomshika katibu mkono, ndiyo maana nilimshika kwa nguvu vile. Na nyinyi akina mama, msingoje mwanamume aone alama kwenye paji la uso. Wengine tunachukua miaka. Simameni katikati, muulize.

Na mkifika kwenye ofisi ya ardhi msiogope, nitawaambia palivyo, kwa sababu mimi nilishakwenda juzi. Ni chumba kirefu, meza moja, na karani ni binti mwenye miwani. Tuliingia wawili. Nilimpa karatasi ya kampani, nikaisoma mwenyewe kwanza kwa sauti, yote, mpaka watu wa foleni wakaanza kulalamika. Kisha nikamwambia, "Binti, hapa futa jina langu, andika la mama huyu. Peke yake."

Akachukua kalamu. Na hapo, ndugu zangu, pamoja na cheti changu, pamoja na kusoma kwangu kote, jasho likanitoka. Maana katika vitabu vyote nilivyosoma ngumbaru hakuna hata kimoja kilichomtaja Malkia. Nikainama mezani nikamnong'oneza, "Samahani, binti. Nyinyi hapa mmepata njia gani ya kumzuia Malkia?"

"Malkia gani, mzee?"

Nikamweleza yote. Kitabu cha London, binti na mama, ng'ombe kwenda melini. Foleni nzima ilikuwa ikisikiliza. Nikamuuliza, "Sasa shamba likiandikwa jina la mwanamke, si linarudi kwake?"

Yule binti hakucheka. Akavua miwani, akamtazama mama watoto, kisha akanitazama mimi.

"Hapana, mzee," akasema. "Likiandikwa jina la mama, linakuwa la mama."